Deraya, kivita au isiyopenya risasi: neno lipi kwa kitu kipi

Gari la kubeba fedha za benki likikatiza Barabara ya Kenyatta hapa Mwanza, huyu ataliita gari la kivita, yule ataliita gari lisilopenya risasi, na mara chache sana utamsikia wa tatu akisema gari la deraya. Wote wanalitazama gari lilelile, vioo vizito na milango minene. Maneno yao lakini hayasemi jambo moja. La kwanza linataja kazi ya gari, la pili linatoa ahadi, na la tatu linataja kile gari lilichovikwa. Anayepiga soga kijiweni anaweza kutumia lolote na akaeleweka. Anayeandika habari, anayetafsiri mkataba au anayeandaa zabuni hana uhuru huo, maana neno atakaloliweka ndilo litakalosomwa siku mambo yakiharibika.

Msimamo wangu ni kwamba deraya ndilo neno la kuanzia, na mengine yatumike pale tu yanapostahili. Naandika haya kwa sababu naliona neno zuri likiachwa kwenye kamusi huku waandishi wetu wakihangaika na mafungu ya maneno matatu manne, au wakikimbilia Kiingereza.

Deraya na kivita

Deraya kwa asili ni vazi la chuma la askari wa zamani, lililokinga kifua na mgongo dhidi ya upanga na mshale. Limetoka Kiarabu, shina moja na dirii ambayo waumini wanaijua zaidi. Liko ngeli ya i-/zi-: deraya hii imepasuka, deraya hizi zimepasuka. Kutoka mwilini mwa askari neno likahamia kwenye gari: gari la deraya ni gari lililofunikwa kwa mabamba ya chuma ili waliomo ndani wasidhurike. Mambo matatu yanalitambulisha. Deraya imeshikamana na kile inachokilinda, haishikwi mkononi. Kazi yake ni kupokea pigo. Na yenyewe haishambulii.

Hilo la mwisho ndilo linaloitenga na kivita. Kivita ni neno la shughuli: chochote cha vita, au kilichotengenezwa kwa ajili ya vita, ni cha kivita, kiwe kimefunikwa chuma au hakikufunikwa. Mfano uko hapahapa mjini. Mwaka 1979, Vita vya Kagera vikielekea mwisho, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilitumwa kushambulia Mwanza, silaha zake zikakosa shabaha na kuangukia kisiwa cha Saanane, zikaua wanyama. Ile ilikuwa ndege ya kivita kwa maana kamili. Kuiita ndege ya deraya kungekuwa kosa, maana ndege ya mabomu ya aina ile iliundwa iende kasi, na mabamba mazito ya chuma yangeielemea. Meli nazo ni vivyo hivyo. Wafaransa walishusha majini meli ya kivita ya Gloire mwaka 1859, Waingereza wakafuata na Warrior mwaka 1860, na zote mbili zilivikwa chuma kinene ubavuni. Hizo unaweza kuziita meli za deraya bila wasiwasi. Manowari nyingi za leo hazibebi chuma cha namna hiyo, zinategemea rada na makombora. Ni za kivita, basi.

Sasa ligeuze upande wa pili. Gari la fedha lina deraya lakini halina vita. Halina mzinga wala halikuundwa kumshambulia mtu, na anayeliendesha ni mfanyakazi wa kampuni ya ulinzi aliyevaa sare, anayerudi nyumbani Igoma jioni kama wafanyakazi wengine. Mwandishi akiandika "gari la kivita lapata ajali Nyegezi", msomaji aliyeko Bukoba au Musoma ataona jeshi limetoka kambini. Hofu hiyo imeletwa na neno moja lililokaa pasipo pake. Gari la polisi la kumwaga maji ya kuwasha nalo lisiitwe la kivita, maana mtaani limeshapewa jina lake, washawasha, na kila mtu analijua.

Kuna magari yanayostahili maneno yote mawili. Majeshi ya Amin yalipovuka na kuingia Kagera Oktoba 1978 yalikuwa na vifaru na pia magari ya deraya ya kubebea askari. Kifaru ni jina la aina: kina mizinga, kinatembea kwa minyororo, na chuma chake ni kinene kuliko vyote barabarani. Vya kwanza viliingia vitani Septemba 1916 kule Somme, Ufaransa, vikiwa vya Waingereza, na Waswahili walipotafuta jina wakalichukua la mnyama mwenye ngozi nene anayekwenda mbele kwa pembe. Gari la deraya la kubebea askari halipewi jina hilo hata likiwa la jeshi. Kazi yake ni kuwafikisha askari salama, na bunduki iliyo juu yake ni ya kujihami. Ukiwa na shaka kati ya hayo mawili, tazama kinachobebwa: kama ni mzinga andika kifaru, kama ni watu andika gari la deraya. Magari meupe ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Kivu, ambayo redio zetu huyataja mara kwa mara, yanaingia katika fungu hili la pili, na "magari ya deraya ya walinda amani" ni maelezo ya haki kuliko "magari ya kivita".

Deraya na "isiyopenya risasi"

Hapa ndipo pana madhara makubwa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza nilitetee fungu hili kisarufi. Wapo wanaosema "gari lisilopenya risasi" ni kosa, eti gari haliwezi kupenya risasi, risasi ndiyo inayopenya gari. Sikubaliani nao. Kiswahili kina mtindo wa kukipa chombo nafasi ya kiima hata kama kinachoingia ni kitu kingine. Tunasema saa isiyoingia maji, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba saa ndiyo inayotaka kuingia majini. Kwa hiyo fungu hilo ni Kiswahili halali. Ukipenda lisilopitisha risasi au linalozuia risasi, hayo nayo ni sawa.

Tatizo lake ni ahadi. "Isiyopenya risasi" inasema risasi yoyote, kutoka bunduki yoyote, mara zozote. Hakuna gari, kioo wala fulana inayoweza kutimiza hilo. Wataalamu wa kupima vitu hivi wanaliepuka tamko hilo kabisa, na badala yake hutaja kiwango. Kwa vioo kuna kiwango cha Ulaya, EN 1063, chenye ngazi za BR1 hadi BR7. BR4 ni kioo kinachozuia risasi za bastola nzito. BR6 kinazuia risasi za bunduki ya kijeshi ya milimita 7.62 zenye kiini laini. BR7 kinazuia zile zenye kiini cha chuma kigumu, zilizotengenezwa makusudi zitoboe deraya. Kati ya BR4 na BR6 ndipo uhai wa dereva ulipo, kwa sababu silaha ambayo taarifa zetu za polisi huiita SMG ni bunduki ya aina ya AK-47, si bastola. Kioo cha BR4 kitamlinda dereva dhidi ya bastola ya jambazi wa mjini. Dhidi ya SMG hakina dhamana.

Kisome kioo chenyewe ukipata nafasi. Fungua mlango wa gari kama hilo, tazama ukingo wa kioo pale kinapoingia kwenye fremu. Utaona tabaka kadhaa za kioo zilizogandishwa pamoja, na upande wa ndani tabaka la plastiki ngumu linalozuia vigae visimrukie aliyeketi. Kile cha BR6 kina unene wa takriban sentimita 4. Likiwa gari la miaka mingi lililolala juani, ukingoni utakuta weupe kama ukungu, au mapovu madogo yanayotambaa kuelekea katikati. Hapo gundi imeanza kuachia kwa joto na matabaka hayashikani tena kama mwanzo. Gari hilo bado linauzwa kwa jina la "lisilopenya risasi", na jina halimwambii mnunuzi lolote kuhusu ule weupe.

Uzito nao. Land Cruiser iliyovikwa deraya ya kuzuia risasi za bunduki huongezeka kwa zaidi ya tani moja, na springi, breki na tairi lazima zibadilishwe zilingane. Kwa kampuni inayobeba dhahabu kutoka Geita kuileta Mwanza, ambako kiwanda cha kusafishia dhahabu kilifunguliwa mwaka 2021, si jambo dogo. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari halisubiri tena kivuko. Linavuka kilomita 3 za daraja na kuendelea. Breki za gari la kawaida zikibeba uzito wa deraya kwenye mteremko ni hatari ambayo haina uhusiano wowote na majambazi.

Sasa ziweke sentensi mbili pamoja, kama zingekuwa kwenye hati ya zabuni:

"Mzabuni atatoa gari moja lisilopenya risasi."

"Mzabuni atatoa gari moja lenye deraya: vioo vya kiwango cha BR6 kwa EN 1063, mabamba ya milango, paa na sakafu ya kiwango kinacholingana, na cheti cha majaribio kwa kila kimoja."

Ya kwanza ni fupi, inasomeka vizuri, na haimlazimishi mzabuni chochote. Anaweza kuleta gari lenye milango minene na paa la bati la kawaida. Ya pili inaweza kukaguliwa kwa macho na kwa karatasi. Deraya imeiwezesha kwa sababu ni nomino ya kitu kinachoonekana: unaweza kuuliza deraya iko wapi, ina unene gani, imefika sakafuni au imeishia mlangoni. "Isiyopenya" ni sifa tupu, nayo haina sehemu za kukagua.

Kwenye habari za kawaida mambo ni mepesi zaidi. "Fulana ya kuzuia risasi" ni maneno ambayo kila msomaji anayaelewa, na sitamwambia mwandishi wa redio ayaache. Nitamwomba tu asiandike "isiyopenya risasi" pale mtu aliyeivaa amejeruhiwa, maana msikilizaji atauliza imekuwaje, na swali lake ni la haki.

Fulana za ziwani

Ufukweni kuna sababu nyingine ya kulipenda neno deraya, na nadhani watu wa Dodoma hawaioni. Majambazi wa ziwani huwavamia wavuvi usiku wakapora injini na nyavu, na askari wa doria huenda majini wakiwa na silaha. Hati ikiandikwa "fulana za kujikinga 40 kwa ajili ya doria", mtunza stoo wa Mwanza anaweza kuelewa vitu vitatu tofauti: jaketi okozi la kumfanya mtu aelee majini, kizibao cha kuakisi mwanga kama cha bodaboda, au fulana ya kuzuia risasi. Vyote ni fulana na vyote ni vya kujikinga. Andika "fulana za deraya" kwa kile cha risasi na "majaketi okozi" kwa kile cha maji, na hakuna atakayekosea.

Kukosea hapo ni hatari kweli. Fulana nyepesi ya deraya imefumwa kwa nyuzi kama za Kevlar, zilizobuniwa mwaka 1965 na mkemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont, Marekani. Nyuzi hizo zikilowa uwezo wake wa kuzuia risasi hupungua, ndiyo maana hufungwa ndani ya mfuko usioingia maji, na mfuko ukichanika fulana haiaminiki tena. Fulana nzito ina mabamba ya kauri au chuma kifuani na mgongoni, na mtu akianguka nayo ziwani itamvuta chini. Askari wa doria anahitaji vyote viwili, deraya na kieleo, na kila kimoja kiwe na jina lake kwenye orodha.

Viwango vya fulana ni vingine, visichanganywe na vya vioo. Vinavyotumika zaidi duniani ni vya NIJ, taasisi iliyo chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Toleo la 2008 lina ngazi za IIA, II, IIIA, III na IV. Hadi IIIA ni kwa risasi za bastola. Kuanzia III ndipo bunduki zinapoingia, na IV ni kwa risasi ya kutoboa deraya. Toleo jipya la 2023 limebadilisha majina: HG1 na HG2 kwa bastola, RF1, RF2 na RF3 kwa bunduki, na RF1 inahusisha risasi ya milimita 7.62 kwa 39, ile ya SMG. Anayetafsiri maelezo ya bidhaa asitafsiri herufi hizo. Aziache kama zilivyo, na aandike "deraya ya kiwango cha" kabla yake. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 5 kwa fulana nyepesi, kwa hiyo tarehe ya kutengenezwa nayo iandikwe.

Dirii, silaha, ngao

Msikitini na kanisani kazi imeshafanyika, na mwandishi asiivuruge. Tafsiri ya Biblia ya Union Version, katika Waefeso 6, ina dirii ya haki kifuani, ngao ya imani na chapeo ya wokovu, na vyote kwa pamoja vinaitwa silaha zote za Mungu. Kwa hiyo muumini wa Bugando akisema "nimevaa silaha" anamaanisha vazi la kujilinda, ingawa mtaani silaha ni bunduki au panga. Upande wa Waislamu kuna kisa cha Nabii Daud, aliyelainishiwa chuma na kufundishwa kutengeneza mavazi ya kujikinga vitani. Katika mazingira hayo dirii ni bora kuliko deraya, maana masikio yameshalizoea, tena lina heshima ya maandiko. Ukiandika "deraya ya haki" utawashtua watu bure. Vivyo hivyo ukisimulia habari za askari wa kale waliovaa chuma mwilini, dirii na deraya zote zinafaa, mimi ningetumia dirii kwa vazi hilo la kale na kuiachia deraya magari, mitambo na fulana za leo.

Ngao ni habari nyingine kabisa. Inashikwa mkononi na kuelekezwa pigo linakotokea. Iko katikati ya Nembo ya Taifa, iko kwenye mpira kama Ngao ya Jamii, na polisi wa kutuliza ghasia wanaibeba. Mlango wa gari la fedha si ngao. Kwa mafumbo ngao inashinda maneno yote: mzazi ni ngao ya mwanawe, sheria ni ngao ya mnyonge. Deraya haijapata nafasi hiyo katika mafumbo ya Kiswahili na sioni haja ya kuilazimisha.

Wanyama: gamba linatosha

Anayetafsiri vitabu vya sayansi hukutana na wanyama wanaoelezwa kama wenye deraya. Jaribu la kuandika "samaki wa deraya" ni kubwa. Mara nyingi gamba linatosha na linapendeza zaidi: gamba la kobe, magamba ya kakakuona, magamba ya sangara. Kila mvuvi analijua. Lina doa moja tu la kisiasa, kwa sababu tangu 2011 CCM ilipotangaza kujivua gamba, neno hilo likitumika kwa mtu linamkumbusha msomaji mambo hayo. Kwa wanyama halina tatizo.

Ila kuna viumbe ambao gamba haliwatoshi, na mmoja yuko hapa ziwani. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi utafute samaki aitwaye gogogo. Mwili wake hauna magamba hata moja, ngozi ni tupu na inateleza. Kichwa chake lakini kimefunikwa kwa mfupa mgumu unaoanzia juu ya pua hadi mgongoni, na unaishia kwenye mwiba unaosimama na kujifunga wima. Miiba miwili mingine iko pembeni. Anayemtoa wavuni humshika kwa uangalifu, maana mwiba huo humchoma mtu vibaya. Ukisema gogogo ana magamba umesema uongo, ukisema ana ngozi ngumu hujasema kitu. Hapa "kichwa chenye deraya ya mfupa" ni maelezo sahihi kabisa, na ningemruhusu mwandishi wa kitabu cha shule alitumie bila kusita. Mamba naye chini ya ngozi ya mgongo ana vipande vya mfupa vilivyopangwa safu kwa safu. Magamba ni yale ya juu unayoyaona, deraya ni ile mifupa ya ndani.

Kebo

Katika maduka ya vifaa vya umeme mafundi wengi huitaja kwa Kiingereza kebo iliyozungushiwa waya za chuma ndani yake, na sina ugomvi nao. Lakini anayeandika mwongozo wa Kiswahili anahitaji neno, na kebo ya deraya inamfaa. Ikate uone: katikati waya za shaba au alumini, kila moja na plastiki yake, kisha tabaka la plastiki linalozifunga pamoja, halafu waya nyembamba za chuma zilizozungushwa pande zote, na nje kabisa ganda jeusi. Zile waya za chuma ndizo deraya. Zinapokea jembe, sululu na jiwe. Kwa mji uliojengwa juu ya mawe kama huu, mtu anayepeleka umeme kwenye pampu kutoka nyumbani hadi ufukweni, akipita katikati ya miamba, ana kila sababu ya kuichagua badala ya kebo ya kawaida ndani ya bomba la plastiki. Bomba linapasuka jiwe likilala juu yake.

Deraya hiyo haizuii maji. Kinachozuia maji ni lile ganda la nje, na likichubuka chuma kitapata kutu. Deraya yenyewe lazima iunganishwe na ethi, yaani waya wa ardhini, na iwekewe glandi inayoibana mwisho wa kebo. Na kwa kebo yenye waya mmoja tu wa umeme, deraya huwa ya alumini, kwa sababu sumaku ya umeme unaobadilika huchemsha chuma kilichouzunguka waya huo. Muuzaji akikuuzia kebo ya waya mmoja yenye deraya ya chuma kwa umeme wa kawaida wa nyumbani, mrudishie.

La deraya, lenye deraya, lililovikwa deraya

Ukishalichagua neno, bado kuna kulifunga na nomino. "Gari la deraya" linataja aina: limeundwa hivyo tangu kiwandani, fremu, injini na breki vikihesabu uzito huo. "Gari lenye deraya" linasema tu kwamba deraya ipo, haijalishi imefikaje. "Gari lililovikwa deraya" linasema lilikuwa gari la kawaida, baadaye karakana ikafungua milango, ikaweka mabamba na kubadilisha vioo. Magari mengi ya fedha ni ya namna hii ya tatu, na si vibaya, kazi ikifanywa vizuri inaaminika. Ila mnunuzi wa gari lililovikwa anapaswa kuuliza kitu ambacho mnunuzi wa gari la deraya hahitaji kuuliza sana: mabamba yamekutana vipi kwenye maungio. Pale mlango unapokutana na nguzo ya gari hubaki mwanya, na karakana nzuri huweka bamba la pili nyuma ya mwanya huo ili risasi isipite katikati. Kwa kitenzi tumia kuvika, kama tunavyovika taji au pete. Kwa hati ya zabuni chagua mojawapo ya hayo matatu na ulitumie hilohilo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.